Unga wa Kipepeo, Vumbi la Kolwezi

Mvua ya pili ya msimu imenyesha usiku kucha, na asubuhi hii ya Novemba udongo wa uani umekuwa mwekundu na laini kama matofali ambayo hayajachomwa. Nimepiga magoti chini ya mlimau ulio nyuma ya jiko, simu mkononi, pumzi nimeibana. Mbele yangu, juu ya jani changa, kuna kinyesi cha ndege: cheusi, kirefu kama ukucha wa kidole cha mwisho, na katikati kina baka jeupe linalong'aa kana kwamba bado ni kibichi. Nasogeza lenzi. Kinyesi kinainua kichwa na kuanza kula jani.

"Papa, uko nafanya nini?"

Ni mtoto wa jirani, kidevu amekiegemeza juu ya ukuta.

"Napiga foto."

"Foto ya nini?"

"Ya kidudu."

Anautazama mlimau, ananitazama mimi, kisha anateremka bila kusema neno. Haikupita dakika nikamsikia upande wa pili akimpasha mama yake habari, na mama akicheka kicheko kirefu.

Kiwavi yule ni mtoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya rangi ya siagi, ambaye kusini ya Sahara utamkuta karibu kila penye ndimu au chungwa. Jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga, yai la mviringo, la manjano, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Kiwavi akitoka huvaa sura ya kinyesi, kwa kuwa ndege hana hamu na kilichotoka kwa ndege mwenzake. Akishanenepa, uongo huo hausadikiki tena. Hujivua ngozi na kuibuka wa kijani mwenye mikanda ya hudhurungi, kama jani lililoangukiwa na kivuli cha jani jingine. Ukimgusa, nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inakujia puani. Nimempiga picha akifanya hivyo mara kumi na moja. Kumi zina ukungu.

Kolwezi si mji wa kutembea na kamera shingoni. Uliasisiwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya shaba, ukaingia mikononi mwa Gécamines, kampuni ya serikali, na tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake hutoka mkoani humu. Penye mali ya namna hiyo, anayeinua kamera barabarani huulizwa: wewe ni wa nani, una kibali gani, picha zinakwenda wapi? Ndani ya ukuta wa parcelle yako, yaani kiwanja chako, mbele ya jani la mlimau, hakuna anayeuliza isipokuwa mtoto wa jirani. (Kila anayeandika habari za Kolwezi hulazimika kufika kwenye betri ya simu na kobalti iliyomo. Nami nimefika. Tuendelee.)

Nikisema bustani, msomaji asifikirie nyasi zilizokatwa. Ni mlimau huo mmoja, mipapai miwili, mmea wa maracuja uliotambaa ukutani, tuta la lenga-lenga, matembele yanayokwenda yanakotaka, mistari minne ya mahindi, na kichaka cha lantana kilichojiotea pembeni. Wataalamu wa mimea hawaipendi lantana, nao wana sababu, maana ni mgeni anayewasonga wenyeji. Lakini saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka baada ya mvua, kichaka hicho kina wateja wengi kuliko duka la simu.

Kupiga picha za makro, kwa maana yake kamili, ni kumleta mdudu kwenye sensa ya kamera kwa ukubwa wake wa kweli au zaidi: kitu cha milimita 36 kijaze upana wote wa sensa ya milimita 36. Lenzi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zina bei ya kumfanya mtu aahirishe kuezeka nyumba. Mimi nilianza na deki ya DVD iliyokufa. Ndani yake, pale miali inaposoma diski, kuna kilenzi kidogo kilichovimba kama tone la maji. Ukikichomoa taratibu na kukibandika kwa utepe juu ya jicho la kamera ya simu, simu inapata macho ya sungusungu. Lazima usogee hadi karibu umguse mdudu, na pembe za picha huwa na giza, ila utaona miguu ya inzi ina kucha.

Njia ya pili ni ya wenye kamera ya kubadilisha lenzi. Chukua lenzi ya zamani ya milimita 50, ile iliyokuja na kamera za filamu, uigeuze nyuma mbele na kuifunga kwa pete maalumu. Lenzi hiyo iliundwa ipokee mandhari kubwa na kuiminya hadi kwenye filamu ndogo. Ukiigeuza hufanya kinyume, yaani hupokea kitu kidogo na kukitandaza. Hapo unapata ukubwa unaokaribia ule wa kweli, yaani moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba upande wa ndani wa lenzi sasa uko wazi mbele ya dunia, na dunia ya Kolwezi ina vumbi. Mwezi wa Agosti nimesafisha kioo hicho mara nyingi kuliko nilivyosafisha viatu.

Kumkuza mdudu ni kazi nyepesi. Shida ni kina. Kwa ukubwa wa moja kwa moja, tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu inayoonekana safi haizidi milimita moja hivi kutoka mbele hadi nyuma. Ukiongeza ukubwa mara mbili, unabakiwa na theluthi ya milimita. Jicho la panzi likiwa safi, bega lake limeshazama kwenye ukungu. Mapigo ya moyo wako yanatosha kuiharibu picha, sembuse upepo. Wenye vifaa hupiga picha kumi au hamsini, kila moja ikisogezwa kwa unywele, kisha programu ya kompyuta huzishona ziwe moja. Mimi nimejifunza ujanja wa fukara: mkono wa kushoto naushikisha kwenye tawi lilelile alilokalia mdudu, na kamera naiegemeza kwenye mkono huo. Upepo ukija, tunayumba sote watatu, mimi, kamera na mdudu.

Mwanga ni habari nyingine. Mwako wa kamera ukimpiga mende mweusi uso kwa uso, mgongo wake hugeuka kioo cha gari. Nilikata kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kupikia, nikakiinamisha mbele ya taa, na tangu hapo mende wangu wana heshima. Wako wapiga picha wanaomtia mdudu kwenye friji hadi apoe, wakampanga kama sahani, na wengine humuua kabisa na kumgandisha kwa gundi. Picha zao ni safi mno. Ukizitazama kwa muda unaona miguu imekaa pasipo na uzito, na macho hayakutazami. Afadhali zile zangu kumi zenye ukungu.

Friji ya bure ipo, tena haimdhuru mtu. Uwanda huu uko juu, kiasi cha mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai hapa zina baridi inayomfanya mgeni kutoka Kinshasa atafute koti. Mdudu hana joto lake mwenyewe, hulingoja jua. Alfajiri utamkuta kereng'ende ameganda kwenye ubua wa hindi, umande umemtunga shanga machoni, na unaweza kusimika kamera, kuikosea, kuirekebisha, hata kwenda kuchukua kikombe cha chai, ukarudi ukamkuta palepale. Ole wako jua likiruka ukuta.

Utotoni tuliambiwa kwamba unga wa kipepeo ukiingia jichoni unapofusha. Sijui nani alianzisha, labda mama fulani aliyechoka kuona vipepeo wakiteswa. Unga huo ni magamba. Kila gamba lina urefu wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, yamepangwa safu kwa safu kama vigae juu ya paa, na ndiyo yenye rangi yote unayoiona. Chini yake bawa ni utando usio na rangi, kama karatasi ya nailoni. Mara ya kwanza nilipoyaona kwenye kioo cha simu nilidhani nimepiga picha ya zulia. Mengine rangi yake ni rangi kweli, kama ya kitambaa kilichochovywa. Mengine, hasa ya buluu, hayana buluu yoyote ndani yake: umbo lake dogo ndilo linalouvunja mwanga na kuturudishia buluu peke yake.

Kuna kipepeo mmoja anayefanya watu wabishane. Jina lake ni Precis octavia, na viwavi wake hupenda mimea ya ukoo wa mrehani. Wakati wa mvua ni mwekundu wa chungwa mwenye vidoa vyeusi, kama kitenge kipya. Wakati wa kiangazi ni wa buluu iliyokolea, na huketi kwenye vivuli vya kingo na miamba. Kwa muda mrefu wataalamu waliwaandika kama vipepeo wawili tofauti, wakawapa majina mawili, hadi mwaka 1898 Guy Marshall, aliyekuwa akiishi Salisbury, ambayo leo ni Harare, alipowafuga viwavi na kuonyesha kwamba mwekundu na wa buluu huweza kutoka tumbo moja. Kinachoamua zaidi ni joto la siku ambazo kiwavi na pupa wanakua. Yaani ndugu aliyekulia Januari na ndugu aliyekulia Mei hawatambuani kwa nguo.

Wale wadogo wa kahawia wa jenasi Bicyclus wanaonyesha jambo hilohilo kwa sauti ya chini. Huja kwenye papai lililooza, kwa hiyo siku hizi moja naliacha lioze makusudi, jambo ambalo nyumbani limenigharimu maelezo. Msimu wa mvua mabawa yao yana macho makubwa ya duara, ya kumpotosha mjusi adonoe ukingo wa bawa badala ya mwili. Kiangazi, wakati wa kulala juu ya majani makavu bila kutikisika, macho hayo hufifia hadi kuwa nukta. Mmoja wa ukoo huo, Bicyclus anynana, amekuwa maarufu katika maabara za Ulaya. Kundi linalotumika huko lilianzishwa na majike 80 waliokamatwa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988. Ukiwa na papai bovu na kilenzi cha deki, unasoma somo lile lile bila ada.

Watu wa Kolwezi wamezoea kutazama chini. Simaanishi unyonge. Hapa thamani iko chini ya miguu, na hata mimea imetazamwa kwa ajili ya kilicho chini yake. Kuna Haumaniastrum katangense, ua la shaba, linaloota kwenye udongo wenye shaba nyingi ambao ungeua mimea mingine, na watafutaji wa madini walilifuata kama watu wanavyofuata moshi kupata moto. Kuna jamii ya marejea inayoitwa Crotalaria cobalticola, jina lenye maana ya mkaa kwenye kobalti. Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea isiyoota popote pengine duniani, na vingi vya vilima hivyo vimekuwa mashimo.

Mwaka 2014 madini yalipoonekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba sebuleni na jikoni, na bacreuseur, wachimbaji wa mikono, wakashuka kwa kamba mahali palipokuwa na matuta ya mboga. Siwacheki. Mtu mwenye watoto wanaodaiwa ada, akiambiwa kwamba chini ya mpapai wake kuna heterojeniti, jiwe lenye kobalti, hatauliza kuhusu vipepeo.

Ila vumbi nalo lina la kusema. Kiangazi, malori yakiwa yamepita tangu alfajiri, jani la mlimau huwa na koti la kijivu chekundu. Nikipiga picha ya kipepeo aliyetua hapo, kwenye kioo naona unga wa aina mbili. Mmoja umepangwa: magamba, safu kwa safu, kila moja na ukingo wake. Mwingine umetupwa ovyo juu yake, chembe zenye pembe, zimekwama kwenye manyoya ya shingo, kwenye viungo vya miguu, hata kwenye mrija uliojikunja wa kunyonyea maua. Jioni ya siku ya kwanza kuona hivyo nilikwenda kutazama dirisha la chumba wanamolala watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, ulipima vumbi la nyumba za Kasulo, na damu na mkojo wa wakazi wake. Kobalti ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa mtaa mwingine waliolinganishwa nao, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Picha yangu ya kipepeo haipimi chochote. Imenifanya tu nifunge dirisha.

Sasa niseme kwa nini sifuti picha, hata zile mbaya, jambo ambalo limeijaza simu hadi inagoma.

Katika miaka ya 1920 na 1930 Mbelgiji mmoja, F. G. Overlaet, alikusanya vipepeo Kapanga, kaskazini-magharibi ya mkoa wetu, nchi ya Walunda. Kipepeo wa msituni Euphaedra overlaeti amepewa jina lake, na aliyempa, mwaka 1926, ni Gustaaf Hulstaert, mmisionari ambaye wasomi wa lugha wanamkumbuka zaidi kwa kazi yake juu ya Lomongo. Kati ya 1946 na 1949 msafara wa G. F. de Witte ulizunguka Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, na kurudi na wadudu kwa maelfu mengi. Makusanyo makubwa ya Kongo yako Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren na kwingineko, kila mdudu amechomwa sindano, na chini yake kuna kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyekusanya. Jina la kijana aliyeshika wavu mara chache utalikuta. Hata hivyo kikaratasi hicho ndicho chenye thamani. Kipepeo asiye na mahali wala tarehe ni pambo la ukutani.

Simu inaandika kikaratasi hicho yenyewe kila inapopiga picha, na ukiiruhusu inaongeza mahali hadi mita chache. Ukiipandisha picha kwenye iNaturalist, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2008, wenye ujuzi kutoka kokote watakusaidia jina, na nukta yako inabaki kwenye ramani. Ifungue ramani hiyo utazame Afrika Kusini: nukta zimelala juu ya nukta. Kisha isogeze hadi Katanga. Utadhani wadudu walihama pamoja na Wabelgiji.

Na mahali penyewe hapasubiri. Ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023 ilieleza jinsi watu wa Kolwezi na viunga vyake walivyoondolewa kwa nguvu ili kupisha upanuzi wa migodi ya shaba na kobalti. Mjini unaweza kusimama ukingoni mwa shimo na mzee akakuonyesha kwa kidole, hewani, palipokuwa na nyumba fulani. Nyumba angalau huwa na hati, au shahidi. Panzi wa pale, nyigu waliojenga kwa tope chini ya paa lake, yule kipepeo mdogo wa buluu mwenye vimkia nyuma vya kujifanya vipapasio ili adui ashambulie upande usio na kichwa, hao nani aliwaandika? Parcelle yetu haijaguswa. Nina tarehe za miaka minne: siku Papilio wa kwanza alipotaga baada ya mvua, wiki ambayo viwavi wa kipepeo Acraea walikula maracuja hadi kwenye uti, siku Precis alipobadili nguo. Sijafanya sayansi kwa tarehe hizo. Zipo tu, na zina mahali.

Mama wa jirani, yule wa kicheko, alikuwa mpinzani wangu mkubwa. Kwake kiwavi yuko wa aina mbili, anayeliwa na anayetula. Anayeliwa ni binkubala, na katika hilo ana historia nzima nyuma yake. François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi, aliwahi kuandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1997, juu ya chakula kinachotolewa na msitu wa miombo, na viwavi wana nafasi yao ya heshima humo. Anayetula ni kila aliyebaki. Alipoona nimemwacha wa mlimau anenepe, aliniita ukutani.

"Papa, hii njo inamalizaka majani ya ndimu! Unaiacha?"

"Ni wachache, mama. Mti utachipua."

"Utachipua," alirudia, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake pole.

Mahindi yake ndiyo yaliyotusogeza karibu. Januari moja majani ya kati yalitobolewa safu kwa safu, na kwenye moyo wa mmea kulikuwa na uchafu kama unga wa mbao uliolowa. Nikafungua jani, nikampata kiwavi wa kahawia, nikampiga picha ya kichwa na ya mgongo. Kwenye kioo tukaona sote wawili: usoni alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia vidoa vinne vilivyokaa kama miguu ya meza. Huyo ni kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka Amerika, aliyethibitishwa kuwapo barani Afrika mwaka 2016 na ambaye ndani ya miaka miwili alikuwa ameenea karibu nchi zote kusini ya Sahara. Kwa macho matupu anafanana na viwavi wengine watano. Mama aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku, akanirudishia simu, akaingia shambani kuwatafuta mmoja mmoja na kuwaponda. Siku hiyo sikumwombea kiwavi msamaha.

Baadaye mwaka huo umeme ulikatika mtaani siku tatu mfululizo. Usiku wa giza namna hiyo ni sikukuu kwa mpiga picha wa wadudu. Nilitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, nikaweka taa ya betri nyuma yake, na kwa kuwa hakukuwa na mwanga mwingine mtaa mzima, kila chenye bawa kilikuja kwetu: kumbikumbi, mende wenye pembe, nyenje waliojigonga ukutani kama mawe, nondo wadogo wa rangi ambazo mchana hazipo. Watoto wa majirani nao wakaja. Kabla ya saa tatu alitua nondo mmoja wa kahawia, upana wa kiganja, na kwenye mabawa ya nyuma ana macho mawili makubwa yenye duara jeusi ndani ya manjano.

Nikainua kamera, na kwa kuwa nilikuwa na hadhira nikaanza kuwaeleza watoto kwamba nondo wa jamii hii hana kinywa cha kulia, anaishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea akiwa kiwavi...

"Ni mama ya binkubala huyu," alisema jirani yangu kutoka gizani. "Bibi yangu alitukatazaka kumupiga. Ukimuua huyu, mwaka kesho utakula nini?"

Nikanyamaza, nikapiga picha. Mama akawaonyesha watoto jinsi ya kumtambua jike kwa vipapasio vyembamba na dume kwa vile vipana kama manyoya ya kuku, na nikagundua kwamba niliyekuwa darasani ni mimi.

Juma lililopita aliniletea picha yake ya kwanza, kwa WhatsApp, bila neno. Nusu yake imefunikwa na kidole gumba. Nusu nyingine ni ya kijani, ina ukungu, na katikati ya ukungu kuna kitu cha rangi ya chungwa kilichogawanyika ncha mbili.

Nikamwandikia: mti gani, mama, na saa ngapi?

"Ndimu ya pa mulango," akajibu. "Saa moja ya asubui. Ananuka!"